Mgeni na Mama Mkwe

9 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nyonga inaendeleaje? Umeshaanza kusimama, au wauguzi bado wanakugeuza kitandani kama godoro linaloanikwa? Mimi ni mzima wa mwili. Habari za wanyama zinahitaji uwe umekaa, ingawa najua umelala.

Dobi amekufa.

Nimeiacha sentensi hiyo peke yake kwa sababu kila nilipoizungushia maneno mengine ilijificha. Alizaa jana alfajiri, mapema kuliko ulivyotazamia, na alizaa vizuri. Alisimama, akamlamba mtoto, akamkoromea kwa sauti ya chini sana ambayo sijawahi kumsikia akimtolea mtu wala farasi mwenzake. Kisha miguu ya nyuma ikaanza kutetemeka. Nilidhani ni uchovu. Akalala, na nilipomfunua mdomo ufizi ulikuwa mweupe. Nilikimbia kilimani kutafuta mtandao, nikampata daktari wa mifugo, akaja na pikipiki yake akamkuta anamalizikia. Anasema mshipa ulipasuka kwa ndani, na hata kama angekuwa amesimama pale bandani tangu mwanzo asingeweza kitu. Nakuandikia hilo kwa sababu najua utajiuliza. Mimi bado najiuliza.

Mtoto yu hai. Ni dume, kahawia, na mguu mmoja wa mbele ni mweupe utadhani amevaa soksi na kupoteza ya pili. Daktari aliniambia nikamue dang'a, yale maziwa ya kwanza, kabla Dobi hajapoa, maana bila hayo mtoto hana kinga yoyote. Nilipiga magoti nikamkamua aliyekufa, Shangazi. Kiwele kilikuwa bado cha moto. Mikono ilifanya kazi, na mimi nilikuwa mahali pengine kabisa. Mtoto akanyonya kwenye chupa ya soda tuliyoivisha chuchu ya mpira, akapiga chafya, akanitazama.

Daktari hasemi atapona wala hasemi atakufa. Jirani mwenye mbuzi amekubali kunipa maziwa, kwa kuwa ya mbuzi yanamfaa kuliko ya ng'ombe. Kilimani siwezi kupanda tena, kwa sababu nikitoka tu anaita, na anapoita nasikia mpaka kwenye meno. Hata ningeweza kupanda, unanijua nilivyo kwenye simu. Dereva wa lori la pumba anapita karibu na hospitali yako, atakuletea hii na kusubiri jibu akirudi.

Niambie nifanye nini. Nataka aishi. Sijawahi kutaka kitu hivi.

Mwanao,
Kimya


12 Machi

Kimya wangu,

Marahaba. Nyonga ipo, pamoja na chuma chake kipya. Wananitembeza koridoni na kigari cha kushikilia, muuguzi mbele, muuguzi nyuma, utadhani nimekamatwa nikiiba kuku.

Dobi. Nimelia hapa mpaka mama wa kitanda cha pili akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia dada. Sikudanganya sana. Mlimzika wapi? Usiniambie sasa, nitakuuliza nikija.

Sasa sikiliza, na usome polepole, maana wewe ukisoma unakimbilia mwisho. Anaponyonya, chupa iwe chini, shingo yake inyooke mbele kama yuko chini ya tumbo la mama yake. Ukiishika juu kama unamnywesha mtoto wa mtu, maziwa yataingia mapafuni na utamzika pembeni ya mama yake. Maziwa yawe na joto la ngozi yako. Kidogo kidogo na mara nyingi. Akishiba kupita kiasi ataharisha, na kuharisha ndiko kunakowaua.

La pili utalichukia. Nenda kwa Mama Mkwe, chukua mavi yake mabichi, weka kwenye kona ya banda la mtoto. Atayala. Usipige kelele, usimwite daktari. Wote hula mavi ya mama zao, ndivyo tumbo linavyojifunza majani. Mama yake hayupo, basi ale ya yule farasi kizee mng'ataji. Hata yeye kuna siku atafaa kwa kitu.

La tatu, akishika nguvu kidogo tu, mwachishe chupa. Mfundishe beseni. Chovya vidole kwenye maziwa, avinyonye, ushushe mkono mpaka pua yake iguse maziwa. Atapiga chafya, atakulowesha, atakasirika. Endelea. Chupa ina mkono, na mkono una mtu. Beseni halina uso. Nataka anywe bila kujua nani kamnywesha.

Na usimpe jina. Bado.

Dereva wako anasubiri mlangoni na anatafuna tunda nililoletewa mimi. Kula na wewe.

Shangazi yako


20 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia unatembea, hata kama ni kwa ulinzi. Jirani mwenye mbuzi anakusalimu. Anasema hospitali isikuzoee.

Bado yu hai. Naandika kwa mkono mmoja kwa sababu mwingine uko mdomoni mwake.

Nusura atuponyoke wiki iliyopita. Aliharisha maji matupu, macho yakazama, akaacha kuita. Kimya chake kilikuwa kibaya kuliko kelele zote. Daktari alimwekea maji ya mshipani, na mimi nikasimama nimeinua chupa ya maji ile juu ya kichwa mpaka mabega yakafa ganzi, na nilimwahidi vitu ambavyo hata sina. Asubuhi alisimama mwenyewe, akaenda kwenye kona, akala mavi ya Mama Mkwe kama mtu aliyeandaliwa karamu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ulisema nitachukia. Sijawahi kupenda mavi ya mtu hivi.

Anakua. Ana manyoya ya shingo yanayosimama wima kama brashi ya viatu. Anapotaka kunyonya anakuja mbio, anasahau kusimama, ananigonga tumboni. Kwa sababu alikuwa anatetemeka kila nilipoondoka, nilichukua blanketi la Dobi, lile la chini ya tandiko, nikajifunika mabegani. Linanuka jasho lake. Alipolinusa alitulia papo hapo, akaweka kichwa chini ya kwapa langu akalala amesimama. Tangu hapo nalivaa nikiwa naye. Nimehamishia kitanda changu bandani pia.

Beseni nilijaribu. Alivuta maziwa kwa pua, akakohoa, nikakumbuka ulichosema kuhusu mapafu, nikarudi kwenye chupa. Nitajaribu tena akiwa mkubwa kidogo.

Ana mchezo mmoja: anasimama kwa miguu ya nyuma na kuniwekea kwato za mbele mabegani, tunatazamana uso kwa uso. Jirani alipotuona akaniuliza, "Binti, huyo ni farasi au mchumba?" Nikamwambia ni mgeni. Hivyo jina limejitoa lenyewe, nisamehe. Anaitwa Mgeni.

Nina furaha, Shangazi. Sina uhakika kama ni vizuri kuiandika, lakini nimeiandika.

Mwanao,
Kimya


24 Machi

Kimya,

Marahaba. Mimi mzima, salamu zimefika, sasa tuache salamu.

Livue hilo blanketi leo.

Najua kwa nini umelivaa, na kwa mara ya kwanza ulifanya vyema. Mara ya pili ukawa umejitangaza kuwa Dobi. Wewe si Dobi. Huna miguu minne, huwezi kumpiga teke akikosea, wala huwezi kumfundisha kula majani.

Na hizo kwato mabegani, komesha. Sitanii. Unamkumbuka mwokaji mikate tuliyekuwa tunapakana naye, yule aliyekuwa na bega moja chini? Hukuwahi kuuliza lilishukaje. Alilea mtoto wa farasi jikoni kwake, kwa chupa, kwa mapenzi matupu, na akamfundisha salamu hiyo hiyo. Yule mtoto akakua. Siku moja akamsalimia kama alivyofundishwa, na sasa alikuwa na uzito wa gari. Hakukasirika, alifurahi tu kumwona. Baada ya hapo hakuna mtu aliyethubutu kuingia alipo farasi yule. Akawekwa na farasi wenzake, akawaogopa. Hakujua lugha yao, wakampiga kutwa. Alikuwa anasimama kwenye ua akiita watu. Mwishowe walimpiga risasi. Alikuwa mzima kabisa, hana ugonjwa wowote. Hakuwa farasi na hakuwa mtu, ikakosekana pa kumweka.

Wewe umemnusuru asife. Vizuri sana, na nimejivuna mbele ya wodi nzima. Sasa mnusuru na wewe mwenyewe. Beseni. Na akishazoea beseni, mweke na Mama Mkwe.

Usinijibu kwamba Mama Mkwe anang'ata. Najua anang'ata. Ana alama yangu na mimi nina yake.

Shangazi yako


10 Aprili

Kimya wangu,

Hujambo? Dereva amekuja mara mbili mikono mitupu. Nilimwuliza, "Yuko hai?" Akasema, "Yuko hai, mama, nimemwona kwa mbali." Nikamwuliza, "Na farasi?" Akasema, "Kwa mbali ile sikuweza kujua yupi ni yupi." Nikamwambia akatafute miwani.

Umeninunia. Nuna, lakini nuna kwa maandishi.

Wamenihamishia jengo la mazoezi. Huku tunarushiana mpira kama watoto wa chekechea, na mwalimu wetu ana umri wa soksi zangu.

Shangazi yako anayesubiri


19 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na samahani kwa ukimya. Nimefurahi kuhusu mpira. Uwahurumie wenzako.

Nilinuna kweli. Nilisoma barua yako nikaikunja nikaiweka chini ya gunia la pumba, kana kwamba huko haitaweza kusema. Blanketi sikulivua. Nilijiambia yule wa mwokaji mikate alilelewa na mtu asiyejali, na mimi najali, kwa hiyo yangu ni habari nyingine.

Siku tatu zilizopita niliinama kuokota ndoo. Mgeni alikuja kwa nyuma akaniwekea kwato mabegani. Nilianguka kwa uso kwenye ukingo wa birika la maji. Mdomo umepasuka na jino moja la mbele limevunjika pembe. Daktari wa mifugo, aliyekuwa amekuja kumpima Mgeni, ndiye aliyenisafisha na kunibandika plasta. Akasema nimetulia kuliko ng'ombe.

Mgeni hakuwa na ubaya. Hilo ndilo lililonitisha. Nilikuwa nimelala chini natema damu na yeye amesimama juu yangu, masikio mbele, anasubiri nicheke. Nikamwona akiwa mkubwa. Nikamwona anaita watu kwenye ua.

Blanketi nimelivua. Kitanda nimekirudisha ndani. Beseni, nilianza siku hiyo hiyo na mdomo umevimba. Alipiga chafya, akalipiga teke, akaniita, akanifuata huku na huko akitafuta chupa kwapani kwangu, na mimi nikageuka ukuta. Siku iliyofuata alikunywa nusu. Jana alimaliza lote. Sikuwepo hata, nililiweka, nikaondoka, na niliporudi beseni lilikuwa safi. Nilipaswa kufurahi. Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikajisikia kama mtu aliyeachishwa kazi.

Sasa nikuulize kitu, na unijibu. Nilinuna si kwa sababu ya blanketi tu. Ni lile neno lako, anywe bila kujua nani kamnywesha. Mama alipokufa ulinichukua nikiwa sijaota meno. Kisha nikiwa bado mdogo sana ukanipeleka shule ya bweni, ukaniacha getini na sanduku, ukageuka ukaenda. Nilikutazama mpaka ukapotea na hukutazama nyuma hata mara moja. Je, na mimi ulinilea kwa beseni?

Kwa Mama Mkwe bado sijampeleka. Aliingiza kichwa kwenye uzio akamng'ata Mgeni sikio. Ninaogopa atamuua, Shangazi. Hiyo ndiyo kweli yote.

Mwanao,
Kimya


23 Aprili

Kimya wangu, mwanangu,

Marahaba. Pole kwa mdomo, pole kwa jino. Usilijaze mpaka nilione.

Wewe sikukulea kwa beseni. Nilikulea mgongoni. Hukukubali mtu mwingine akushike. Nikienda chooni, unalia mpaka unabadilika rangi. Ilibidi niende nawe, na ulikaa pale mapajani kwangu ukinitazama kama hakimu. Ulipoanza kusema ulisema na mimi na farasi tu. Mtoto wa jirani akija kucheza, unaingia chini ya meza. Na nikuambie, mimi nilipenda. Nani asingependa kuwa dunia nzima ya mtu? Lakini nilikutazama siku moja chini ya ile meza, nikaona nikifa, huyu anabaki na farasi.

Pale getini sikugeuka kwa sababu ningegeuka ningekubeba na sanduku lako mpaka nyumbani. Nilizunguka nyuma ya shule, kwenye jiko. Mpishi akanionea huruma akanipa kigoda karibu na dirisha, nikakaa mpaka jua likawa kichwani, ananimenyesha viazi kama malipo. Ulisimama uwanjani peke yako muda mrefu. Kisha msichana mmoja mwenye meno makubwa akaja akakunyang'anya kalamu. Nilishika kisu cha viazi nikasimama, mpishi akanivuta gauni. Na wewe ukamrukia, ukamvuta nywele, ukaichukua kalamu yako. Mkatazamana. Baadaye mlikuwa mmekaa chini pamoja mnachora mchangani. Ndiye yule rafiki yako wa mpaka leo.

Nilirudi nyumbani mwepesi mpaka nikajishangaa. Nililala mchana na viatu. Sikukueleza kwa sababu kila nikianza jambo kama hili unaniambia "sawa", basi nami naishia hapo. Ndiyo maana napenda barua. Kwenye barua huwezi kuniambia "sawa" katikati.

Sasa Mama Mkwe. Ni mng'ataji, si muuaji. Farasi anayetaka kuua hang'ati sikio, anakuja kwa kwato. Alichomfanya ni kumwuliza, "Wewe ni nani na nani kakuruhusu?" Jibu analo Mgeni, wewe huna. Jaribu kumfunga Mama Mkwe blanketi la Dobi, pengine harufu itasaidia. Wafungulie uwanja mkubwa asubuhi, penye nafasi ya kukimbia, ukae nje ya uzio. Nje, Kimya. Na usimwite.

Shangazi yako


11 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Dereva ameniambia umetembea bila kigari mpaka kwenye lori lake na kumkagua matairi. Basi nyonga imepona, nisiulize tena.

Nimefanya ulivyosema, isipokuwa nilichelewa kwa siku kadhaa kwa sababu ya woga, na mvua ilinisaidia kutoa visingizio.

Blanketi kwanza. Nilimfunga Mama Mkwe mgongoni. Alisimama kimya akifikiri. Kisha akageuza shingo, akalishika kwa meno, akalivuta, akalitupa matopeni akalikanyaga vizuri, huku na huku, kama mtu anayezima moto. Jirani mwenye mbuzi, aliyekuja kushuhudia, akasema, "Amekataa cheo." Kwa hiyo Mgeni ilibidi amkubali alivyo, bila harufu ya mtu mwingine.

Nilimwachia Mgeni uwanjani nikatoka, nikafunga lango, nikashika mti wa uzio kwa mikono yote miwili. Mgeni alinifuata mpaka langoni, akaita. Sikuitika. Jirani alinishika kiuno cha gauni, nadhani bila kujua. Mgeni akageuka akamwona Mama Mkwe, akamwendea mbio kama alivyokuwa akinijia mimi, na alipomfikia akainuka kwa miguu ya nyuma amwekee kwato.

Mama Mkwe alimng'ata shingoni, akageuka akampiga teke la ubavuni. Nilisikia mlio wa teke. Mgeni alianguka, akainuka, akakimbia mpaka mwisho wa uwanja. Nilikuwa nimeshapandisha mguu mmoja kwenye uzio. Jirani akaniambia taratibu, "Subiri, mama, mbona anatembea sawasawa." Nikasubiri. Sijui kitu kigumu kama kile.

Alirudi mwenyewe. Polepole safari hii, kwa pembeni, kichwa kimeinama. Na alipokuwa karibu alinyoosha shingo, akafungua mdomo, akaanza kugonganisha meno yake madogo, hivi, hivi, kama anatafuna hewa. Sijamfundisha mimi. Daktari aliniambia baadaye kwamba watoto wote wa farasi humfanyia hivyo mkubwa wao, maana yake mimi mdogo, usiniumize. Shangazi, nilimlea kwa blanketi na chupa, bila kumwonyesha lugha yoyote isipokuwa yangu, na muda wote huo yake alikuwa nayo. Ilikuwa inamsubiri mtu wa kuzungumza naye. Nililia mbele ya jirani, kwa sauti, na sikuona aibu.

Mama Mkwe alimtazama akigonganisha meno. Akamnusa kuanzia pua mpaka mkia, akapumua kwa nguvu, akainama kula majani. Mgeni akainama naye. Hali vizuri bado, anang'oa na mizizi na kutema udongo, lakini aliinama.

Sasa wako pamoja kutwa. Ubavu ulivimba kidogo ukapona. Beseni naliweka uwanjani asubuhi, mchana na jioni, anakuja, anakunywa, anaondoka bila kuaga. Mama Mkwe amejaribu kuyaonja maziwa, akakunja mdomo. Mgeni akiinua kwato kwa mchezo anatulizwa mara moja. Jana niliingia kumpiga brashi. Alisimama kwa adabu, akanipumulia mkononi, miguu yote minne chini.

Ninalala kitandani. Ninalala sana. Jino sijalijaza.

Leo asubuhi nilikuwa jikoni nimemimina chai, nikasikia anaita. Ule ule mwito, naujua kuliko jina langu. Niliweka kikombe mezani nikasimama, na nilikuwa nimeshafika nusu ya njia kwenda mlangoni. Kabla sijashika komeo, Mama Mkwe akamwitikia kutoka upande wa pili wa uwanja, sauti nzito, ya kukaripia kidogo. Mgeni akanyamaza.

Nikarudi kukaa. Chai ilikuwa bado ya moto.

Mwanao,
Kimya